Usukani wa Gari Kuukuu la Mbio: Namna ya Kuurudishia Uhai Wake

Mwenye kumiliki gari kuukuu la mbio katika Munigi, mahali ambapo barabara ya taifa namba 2 hupanda kutoka Goma kuelekea Kibumba na Rutshuru, hana budi kufahamu ya kwamba makazi yake ni mtihani mkali kwa usukani kupita miji mingi ya Afrika Mashariki. Kwani ardhi yenyewe ni mawe ya mlima wa moto Nyiragongo, ambao tarehe 17 Januari 2002 ulipasuka karibu na Munigi na kumwaga moto ulioteremka hadi katikati ya Goma, na tarehe 22 Mei 2021 moto mwingine ukaikata barabara hiyo, na kila mara mlima ulipotulia ukaacha mawe meusi yenye makali, na vumbi la changarawe lisiloshindwa kupenya penye upenyo wowote. Gari lililoundwa yapata miaka hamsini iliyopita, liwe Datsun 240Z, au Peugeot 504, au Toyota Celica za mwanzo, likikaa katika mazingira hayo pasipo kuangaliwa, usukani wake hufifia kidogo kidogo na mwenyewe asitambue, maana mikono ya binadamu huuzoea upungufu wowote ule madhali unakuja polepole.

Kabla ya kushika spana, yafaa msomaji ajue ni kitu gani hasa anachokitafuta. Gurudumu la mbele likigeuzwa, ule upande wa tairi unaogusa ardhi hujipinda, na kwa kujipinda huko hutaka kurejea katika mstari ulionyoka. Nguvu hiyo ya kutaka kurejea hupitia boljointi na tairodi, ikaingia katika raki au katika sanduku la usukani, ikapanda kwa nondo ya usukani, mpaka ikafika viganjani mwa dereva. Jambo la ajabu, nalo ndilo lenye manufaa makubwa, ni kwamba nguvu hiyo huanza kupungua kabla tairi halijafika mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara, hata dereva mwenye usukani mzima akahisi wepesi fulani mikononi, akayakinisha kuwa gari li karibu kuteleza, akapunguza mwendo ilhali bado ana nafasi ya kufanya hivyo. Vitu viwili huiharibu habari hiyo njiani. Ulegevu wa viungo huimeza, na msuguano wa viungo huichelewesha. Na aghlabu katika gari kuukuu utavikuta vyote viwili kwa pamoja, kiungo kimoja kikiwa kimelegea na jirani yake kimekauka.

Kwa sababu hiyo rai yangu, nayo ndiyo nguzo ya mwongozo huu, ni kwamba usinunue kitu chochote cha kuongeza kabla hujaondoa yaliyozidi. Wako wauzaji watakaokuonyesha raki zenye meno makali zaidi, bushi za rangi nyekundu, na usukani mdogo uliovikwa ngozi, nawe ukadhani kwamba dawa i humo. Ilhali magari haya yalipotoka kiwandani hayakuwa na kasoro ya kuhitaji dawa hizo. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo ithibati: Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiongozwa na Lofty Drews, Peugeot 504 ikashinda mwaka 1975 na tena 1978. Naye Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kuyashinda mashindano hayo mara tatu, katika mwaka 1965, 1974 na 1976, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa, na mtu aliyekwisha kulala chini ya gari huusikia usukani kwa namna ambayo dereva mtupu hawezi.

Anza na matairi, kwa kuwa habari zote hutoka huko. Ubavuni mwa tairi utaona tarakimu nne za mwisho katika mstari unaoanza kwa herufi DOT, mbili za kwanza zikitaja juma na mbili za pili mwaka, hivi kwamba 2316 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2016. Na tairi la mtumba, hata likiwa na meno marefu ya kupendeza, likiisha kupita miaka kumi mpira wake umekuwa mgumu, nao hauwezi tena kujipinda na kurejea kama ipasavyo. Usivutwe na upana. Datsun 240Z ilitoka kiwandani na matairi ya upana wa 175 katika rimu za inchi 14, na mwenye kuivika matairi mapana ataona usukani ukiwa mzito wakati wa kuegesha, na barabarani ukivutwa huku na huko na kila mfereji uliochimbwa na malori, hata mikono ikachoka kwa kelele isiyo na maana ndani yake. Zaidi ya upana, angalia rimu zenyewe: rimu inayolitoa gurudumu nje kuliko ile ya asili, au kipande cha chuma kilichowekwa kati ya rimu na habu kwa ajili ya urembo, hulifanya kila jiwe linalopiga tairi liugeuze usukani kwa nguvu, na katika Munigi mawe si haba. Upepo nao upimwe asubuhi, tairi likiwa baridi, kwa geji unayoiamini na wala si kwa teke la mguu. Ufuate kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha gari, kisha ukitaka kujaribu uongeze au upunguze kwa pauni mbili tu kwa mara moja, ukikumbuka kwamba tairi lenye upepo mchache hukatwa ubavu upesi na mawe ya hapa.

Baada ya matairi uje kwenye viungo, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Gari likiwa chini juu ya magurudumu yake, mtu mmoja na akae ndani autikise usukani kushoto na kulia kwa upana wa vidole viwili tu, bila ya kuugeuza, na wewe ulale ubavuni mwa gurudumu, ukiweka kiganja juu ya kila kiungo kwa zamu yake: kichwa cha tairodi cha nje, kisha cha ndani chini ya mpira wa raki, kisha vifungo vinavyoishika raki katika fremu, kisha kile kiungo cha mpira kilicho kati ya nondo na raki. Kiganja hutambua kabla ya jicho. Kiungo kizima huhama chote kwa pamoja. Kilichokufa utahisi upande mmoja ukianza na wa pili ukifuata baadaye, pamoja na kishindo kidogo kama cha ukucha unaogonga chuma. Kile cha mpira juu ya raki husahauliwa sana, na watu hubadili tairodi mbili mfululizo pasipo kupata nafuu, kumbe mpira umepasuka ndani na nondo huzunguka kwanza peke yake ndipo raki nayo ikaanza kuitika.

Kisha liinue gari kwa jeki, na usitosheke na jeki peke yake, bali weka stendi juu ya ubao mnene, maana changarawe ya moto uliopoa huteleza chini ya uzito. Shika gurudumu kwa mikono miwili, mmoja kushoto na mwingine kulia, ulitikise: ulegevu wa hapa ni wa tairodi au wa raki. Halafu shika juu na chini, utikise tena: ulegevu wa hapa ni wa boljointi au wa beringi. Ili kuzitofautisha hizo mbili, mwambie mwenzako akanyage breki wakati wewe unatikisa. Ulegevu ukitoweka, basi ni beringi, kwa kuwa breki imelifunga gurudumu pamoja na mhimili wake, na ukibaki palepale, tafuta boljointi. Beringi za magari haya hukazwa kwa ustadi na wala si kwa nguvu: gurudumu lizungushwe huku nati ikikazwa ili vyuma vikae mahali pake, kisha nati ilegezwe na kurudishwa kwa kiasi kinachotajwa na kitabu, na pini mpya itiwe. Ukikaza kupita kiasi beringi itaungua, nawe utaambulia msuguano mahali pa ulegevu. Katika maduka ya Goma ukiomba rotule, yaani boljointi, utaeleweka upesi, lakini uende na ile ya zamani mkononi, kwani mwaka mmoja wa gari na unaofuata hutofautiana unene wa mguu wake; na kipuri kikikosekana Goma, watu huagiza Kampala, au Nairobi katika Barabara ya Kirinyaga, au kwa ndugu waliopo Sharjah.

Naomba nikawie kidogo katika jambo la vumbi, kwa sababu ndilo linaloua usukani katika upande huu wa nchi kuliko umbali wa safari. Raki hufunikwa kila mwisho na mpira wenye mikunjo, na mikunjo hiyo ikisimama miaka mingi hupata mipasuko mifupi isiyoonekana mpaka uivute kwa vidole. Maji ya mvua huingia na vumbi jeusi la Nyiragongo, hukutana na grisi iliyomo ndani, na matokeo yake ni uji wa kijivu ambao ukiusugua kati ya kidole gumba na cha shahada utahisi chembe zake zikikwaruza ngozi. Basi fikiri kwamba uji huo huo ndio unaosagwa na meno ya raki kila unapogeuza. Ukiukuta, usiongeze grisi mpya juu yake. Fungua raki, uisafishe kabisa kwa mafuta ya taa na brashi, uikaushe, uitie grisi safi ya aina iliyotajwa na kitabu, na uweke mipira mipya iliyokazwa barabara miisho yote miwili. Kazi hii huchukua kutwa nzima, na gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na raki mpya ambayo kwa gari la mwaka 1972 haipatikani kila siku.

Ulegevu ukiisha, utafute msuguano. Magurudumu yakiwa juu, zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho kwa kidole kimoja; uende kwa uzito ule ule, pasiwe na mahali unapokwama wala unapochubuka. Ukikwama, tenganisha tairodi na ujaribu tena, ukiendelea kutenganisha kiungo kimoja baada ya kimoja mpaka mwenye kosa ajulikane, kwani huenda ikawa ni boljointi iliyokauka, au beringi ya juu ya shokomzoba iliyojaa kutu, au bushi ya nondo pale inapotokeza kwenye dashibodi, ambayo haikupata tone la mafuta tangu gari lilipovuka bahari. Barabarani dalili yake ni moja: ukitoka konani kwa mwendo wa taratibu na kuulegeza usukani bila ya kuuachia, urejee wenyewe katikati. Usukani usiorejea una msuguano, au magurudumu yake hayakupangwa sawasawa, na mara nyingi una yote mawili.

Hadhari kubwa yahitajika katika nati ya kukazia raki. Iko chini au nyuma ya raki, ikisukuma springi inayoikandamiza raki juu ya meno ya nondo, na fundi mwenye haraka, akiona ulegevu wa katikati, huikaza papo hapo. Lakini meno ya raki huliwa zaidi katikati, kwa sababu huko ndiko gari hutumia umri wake mwingi, na miisho hubaki kama mipya; ukikaza mpaka katikati pakawa pazuri, basi konani usukani utabana na kukataa kurejea. Kwa hiyo kaza sehemu ya nane ya mzunguko tu kwa mara moja, uzungushe hadi miisho yote, uhisi, ndipo uamue. Katika magari yenye sanduku la usukani, kama zile Celica za mwanzo, skrubu ya juu hukazwa magurudumu yakiwa yamenyoka, kwa kuwa hapo ndipo meno yake yalipoundwa kubanana zaidi. Meno yakiwa yameliwa mno, hakuna skrubu itakayoyaponya, na ni uungwana kuikubali hali hiyo na kutafuta nyingine.

Kuhusu bushi, wengi hupendelea zile za plastiki ngumu badala ya mpira, nami sizikatai zote. Katika vifungo vinavyoishika raki kwenye fremu zinafaa, maana raki haipaswi kuhama hata kidogo, na mpira uliolowa mafuta huiacha itambae kabla ya kuligeuza gurudumu. Lakini katika ile nondo inayotoka kwenye mkono wa chini kwenda kwenye fremu, ambayo kila gurudumu linapopanda na kushuka yenyewe hupinda pembe, bushi ngumu pande zote mbili huibana isiweze kucheza, na katika Datsun za aina ya Z zimejulikana nondo zilizokatika kwa sababu hiyo. Weka mpira mpya wa kawaida. Au ukishikilia plastiki, uiweke upande mmoja tu na upande wa pili uuache na mpira. Nondo hiyo ikikatika katika mteremko, gurudumu hurudi nyuma na gari hukosa kushikika.

Sasa magurudumu yapangwe, na wala si lazima uwe na mashine. Tafuta sakafu iliyo sawa, upige alama ya chaki katikati ya uso wa kila tairi la mbele kwa upande wa nyuma, kwa kimo cha habu. Pima umbali baina ya alama hizo, kisha lisukume gari mbele mpaka alama zile zile zifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, upime tena. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo inayokuambia magurudumu yanatazamana au yanapeana mgongo, na kwa kuwa umepima alama moja mara mbili, rimu iliyopinda haiwezi kukudanganya. Magari mengi yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma hutaka mbele pawe padogo kuliko nyuma kwa milimita chache, na kiasi kamili ki katika kitabu. Mbele pakizidi sana kuwa padogo usukani huwa mzito na matairi huliwa, na mbele pakiwa pakubwa gari hutangatanga. Rekebisha tairodi zote mbili kwa kiasi kilicho sawa, ili usukani ubaki umekaa wima, na baada ya kila rekebisho lisukume gari mbele na nyuma kabla ya kupima. Kiko pia kipimo cha kasta, yaani mlalo wa mhimili wa kugeukia gurudumu ukitazamwa kwa ubavuni, ambacho kikiongezwa kidogo huufanya usukani urejee kwa nguvu zaidi na kusema kwa sauti zaidi. Lakini hiki kipimwe kwa chombo chake, na pande zote mbili zilingane, la sivyo gari litavuta upande mmoja.

Watu wa hapa, kwa kuogopa mawe, huliinua gari kwa vipande vya chuma juu ya springi, na vijana wa miji yenye lami hulishusha. Yote mawili hupindisha tairodi kutoka katika pembe iliyokusudiwa, hata gurudumu likipanda jiwe hujigeuza lenyewe pasipo amri ya dereva. Mimi nashauri kimo cha kiwandani, springi zisizochoka, na shokomzoba nzima, pamoja na bati nene la kulinda tumbo la injini.

Usukani wa mkono ubaki wa kipenyo cha asili. Ule mdogo huongeza uzito na kukuza kila pigo, wala hauongezi habari hata moja. Gari likiwa ni la miaka ya 1980 lenye msaada wa mafuta, angalia mkanda, na mafuta yenyewe, na mabomba. Usikate mabomba ukidhani umeurudisha usukani wa kale, kwa kuwa raki ya aina hiyo ina ulegevu wake wa makusudi katika vali, na mipira ya ndani itakayokuongezea msuguano. Na iwapo gari lilikuja na usukani kulia likahamishiwa kushoto ili lifuate sheria ya Kongo ya kupita kulia, basi kagua kwa macho yako kila kiungo kilichochomelewa katika nondo. Kiungo kilichochomelewa kwa kubahatisha hakitengenezwi kwa grisi wala kwa vipimo, gari lisimame mpaka nondo sahihi ipatikane.

Kazi ikiisha, na kila nati ikiwa na pini yake, nenda kulijaribu gari asubuhi mapema katika kipande kilichonyoka kisicho na watu, kwanza kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kisha 50, ukishika usukani kwa vidole bila ya kuukaba. Baada ya kilomita 500 rudi chini ya gari na spana ile ile, kwani bushi mpya hukaa na nati hulegea. Lakini majaribio hayo usiyafanye katika mteremko wa kutoka Kibumba. Huko wenye chukudu huteremka na magunia ya viazi, na kabichi, na makaa, juu ya chombo cha mbao ambacho breki yake ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa mguu juu ya gurudumu la nyuma. Wao hawana nafasi ya kukukwepa, na wewe unayo. Wape njia.